Mashine ya msasa ya obitali: namna ya kuichagua, na kwa nini mbao inatoka na vijiduara

Mpiga Msasa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Kila anapojitokeza mtu anayetaka kununua mashine ya msasa ya obitali, yaani ile ya pedi ya duara inayoshikwa kwa kiganja, swali lake la kwanza huwa ni wati ngapi, la pili ni kampuni gani. Naweka uzi huu kwa sababu vitu vinavyoamua kama meza itatoka safi au itatoka na mikwaruzo vimeandikwa kwa maandishi madogo kwenye boksi, na kimoja hakijaandikwa kabisa. Ni mrefu, someni taratibu.

Tuanze na pedi inavyozunguka, maana mengine yote yanatoka hapo.

Ndani ya mashine mota inazungusha shafti. Pedi haijafungwa katikati ya shafti hiyo. Imefungwa pembeni kidogo, juu ya beringi. Mota ikizunguka, pedi nzima inacheza kwenye duara dogo maelfu ya mara kwa dakika, na mashine nyingi zinafika 12,000. Huo ni mwendo wa kwanza, nao una nguvu ya mota nyuma yake. Mwendo wa pili ni pedi kujizungusha yenyewe juu ya ile beringi. Huu hausukumwi na gia wala mkanda, unatokana na msuguano mdogo tu wa beringi. Miendo hiyo miwili ikichanganyika, punje ya msasa hairudii njia iliyopita, mikwaruzo inakatana kila upande na jicho halioni mchoro wowote. Ile mashine ndogo ya karatasi ya mraba ina mwendo wa kwanza peke yake, ndiyo maana inaacha vijiduara hata ukiwa makini.

Sasa tatizo: mwendo wa pili ni dhaifu. Ukikandamiza, unakufa. Ukiinamisha mashine upande, unakufa. Pedi ikifyonzwa ikagandamana na mbao, unakufa. Na ukishakufa, mashine inaendelea kunguruma vilevile, vumbi linaendelea kutoka, hakuna kinachokuambia kwamba umebaki unachora vijiduara vya milimita tatu. Vinajitokeza siku ya vanishi.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua kalamu nene, chora mstari mmoja kwenye ukingo wa pedi, kutoka juu kwenda chini. Washa mashine juu ya kipande cha mbao usichokihitaji, kisha angalia ule mstari. Ukiuona unapita polepole, kiasi kwamba unaweza kuufuata kwa jicho, pedi inazunguka vizuri. Ukiuona umesimama sehemu moja unatetemeka tu, punguza mkono. Kandamiza makusudi, uone unavyosimama. Legeza, uone unavyoanza tena kutembea. Dakika moja ya zoezi hilo inafundisha kuliko maelezo yangu yote.

Uzito unaotakiwa ni wa mashine yenyewe na mkono uliopumzika juu yake. Mwendo ni kama sentimita 2.5 kwa sekunde, ambao wengi wakiuona wanadhani ni uzembe. Kwa mwendo huo ubao wa mita moja unachukua sekunde 40 kutoka mwanzo hadi mwisho. Pima kwa saa mara moja, utashangaa ulivyokuwa unakimbia.

Tuje kwenye kuchagua.

Cha kwanza kutazama ni ukubwa wa lile duara la mwendo wa kwanza. Kwenye maelezo utakuta milimita 2, 2.5, 3, 5 au hata 8. Duara dogo linakula taratibu na linaacha mikwaruzo mifupi. La 5 linakula haraka na mikwaruzo yake inahitaji kazi zaidi kuiondoa. La 8 ni la kazi nzito kama kukomba rangi ya zamani. Baadhi ya kampuni zinauza mashine ileile kwa maduara tofauti: Festool wana ETS EC 150/3 na 150/5, ambapo namba ya mwisho ndiyo duara, na Mirka DEROS zinapatikana kwa 2.5, 5 na 8. Anayetaka mashine moja tu ya kutengenezea samani, ushauri wangu ni karibu na 3. Huyo atasubiri kidogo zaidi kwenye hatua ya kwanza, lakini hatua ya mwisho ndiyo mteja anayoiona.

Pili, pedi. Zilizozoeleka ni milimita 125 na 150. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ukipiga hesabu ya eneo, ya 150 inagusa mbao zaidi kwa takriban 44%. Kwa meza na milango ya makabati ni raha. Kwa fremu nyembamba, miguu na droo ni mzigo, pedi inaning'inia hewani pande zote. Karakana ya kazi mchanganyiko, 125 inatosha, na misasa yake inapatikana kirahisi zaidi. Na tafadhali, usifunge pedi ya 150 kwenye mashine ya 125 hata kama skrubu zinaingia. Ndani kuna uzito wa kusawazisha uliopimwa kwa pedi yake. Ukibadilisha uzito wa pedi, mtikisiko unaongezeka na beringi inaumia.

Tatu, breki ya pedi. Ni ule mpira au pete inayokumbatia pedi kwa juu na kuisugua kidogo, ili ukiinua mashine hewani pedi isijizungushe kwa kasi kubwa. Bila breki, pedi inafikia kasi ile ya mota, na ukiishusha tena kwenye mbao inachimba kabla haijapungua. Mpira huo unaisha kwa matumizi, hivyo uliza kama unauzwa peke yake.

Wati zinakuja baada ya hapo. Bosch GEX 125-1 AE ina wati 250 tu na watu wamefanya nayo kazi miaka na miaka. Kama mkono wako uko kwenye uzito unaofaa, nguvu kubwa haina pa kwenda. Kirekebisha kasi ndicho cha kudai: kasi ya juu kwa mbao tupu, kasi ya chini kwa vanishi na rangi, kwa sababu joto linalainisha vanishi ikaganda kwenye msasa kama matone.

Nitaishia hapo kwanza. Misasa na vumbi tutazungumza kadiri maswali yanavyokuja.

Mwanagenzi

Mkuu ubarikiwe. Mimi ni mgeni kwenye hizi kazi. Nimepiga meza msasa namba 80, 120, 180 (namba ikipanda punje ni ndogo zaidi), ilikuwa laini kabisa ukiipitisha mkono. Nimepaka vanishi mkono wa kwanza, nikaona alama ndogondogo zimejikunja, zimetawanyika, nyingine ziko tatu kwa mstari. Mashine yangu ina breki na sidhani kama nilikandamiza. Shida ni nini?

Mpiga Msasa

Ndugu, umeeleza vizuri, hasa hapo kwenye "tatu kwa mstari". Vijiduara vya kukandamiza vinaenea eneo zima vikifanana. Hizi zako zimetawanyika, maana yake kuna punje moja kubwa ilikuwa imenaswa kati ya msasa na mbao, inachora huku mashine inatembea. Punje hiyo mara nyingi imetoka kwenye msasa wa namba iliyotangulia: ukimaliza 80 bila kufuta meza, punje zilizodondoka zinabaki juu ya mbao na 120 inazizungusha. Inaweza pia kuwa kipande cha gundi kilichoganda kwenye msasa. Geuza msasa uuangalie, ukiona doa linalong'aa, huyo ndiye.

Dawa: kati ya namba na namba, fyonza au futa meza yote kwa brashi, futa na pedi, kisha pangusa kwa kitambaa kikavu. Usipulize kwa mdomo, unazihamisha tu.

Kingine, mkono haugundui mikwaruzo hii. Kiganja kinapima mabonde na vilima, hakipimi alama nyembamba kiasi hicho. Zima taa za juu, weka tochi ilale karibu na usawa wa meza, mwanga upite juu juu. Halafu pangusa na tapentaini au thina isiyoacha mafuta. Mbao ikilowa inaonyesha jinsi itakavyokuwa chini ya vanishi, mikwaruzo na madoa ya gundi yanajitokeza hapohapo, na baada ya muda mfupi inakauka bila kuinua nyuzi. Fanya hivyo sehemu yenye hewa na mbali na moto.

Kwa meza yako ya sasa: acha vanishi ikauke kabisa, rudi na 120 mahali palipoathirika na upanue eneo kidogo ili usichimbe shimo, kisha 180 meza nzima.

Jino la Msumeno

Nakubaliana na mengi ila kwenye namba naona mnazidisha. Mimi natoka 80 naenda moja kwa moja 180, nakaa nayo muda mrefu kidogo, kazi inatoka. Hizo namba za katikati ni biashara ya wauza misasa.

Mpiga Msasa

Fundi, tuitazame kwa vipimo. Msasa wa P80 una punje za wastani wa mikroni 201, mikroni ikiwa ni sehemu moja ya elfu ya milimita. P120 ni 125, P180 ni 82, P240 ni 58.5. Kutoka 80 kwenda 120 punje zinapungua kwa zaidi kidogo ya theluthi, na 120 kwenda 180 vilevile. Ukiruka kutoka 80 hadi 180 umeshuka chini ya nusu, unataka punje ya mikroni 82 ichimbe mpaka chini ya bonde lililochimbwa na ya 201. Inawezekana, wewe unaifanya, lakini unatumia msasa wa 180 kufanya kazi ya kukata, na huo ndio unaoisha haraka na kupata joto. Anayefaidika hapo ni yuleyule muuza misasa.

Na kuna hatari nyingine: kazi ikichukua muda mrefu, mkono unaanza kukandamiza bila mtu kujua. Kwa hiyo tunarudi kwenye pedi iliyosimama.

Kanuni ninayoifuata ni kuzidisha namba kwa moja na nusu. 80, 120, 180. Au 100, 150, 220. Kabla ya kila namba, chora penseli nyepesi ya mawimbi kwenye ubao wote. Pitisha mashine mpaka mistari yote iishe, kisha pita mara moja zaidi. Penseli inaonyesha pale ulipoparuka, hasa pembeni ambako watu hupitia haraka wakiogopa kuviringisha ukingo.

Angalizo la herufi P. Msasa wenye P unafuata vipimo vya Ulaya, usio na P mara nyingi unafuata vya Marekani. Mpaka 220 havitofautiani sana. Ukipanda juu vinaachana: 320 isiyo na P iko karibu na P400, na 400 isiyo na P iko karibu na P800. Ukichanganya pakiti mbili kwenye hatua za mwisho unaweza kuwa unaruka hatua nzima bila kujua.

Jino la Msumeno

Hilo la mikroni sikulijua. Nitajaribu nusu ya ubao kwa njia yangu na nusu kwa yako, niweke vanishi juu, tuone.

Dada Vanishi

Naomba nichangie upande wa kumalizia, maana mimi kazi yangu ni kupaka.

Msipande namba bila sababu. Ukifikisha mbao P320 kisha ukapaka steini, ile rangi ya kupenya ndani ya mbao, rangi inakaa nyepesi na kwa mabaka, kwa sababu umeshaifunga mbao ikawa kama imesuguliwa kwa kijiko. Steini inahitaji mikwaruzo midogo ya kushikilia. Kwa vanishi na laka, mimi naishia P180. Kwa mafuta, P180 au P220. Kwa vanishi ya maji P220, lakini kuna kazi kabla yake: lowesha mbao kwa kitambaa chenye maji kidogo, nyuzi ziinuke, subiri ikauke kabisa, kisha kata zile nyuzi tu kwa msasa uleule wa mwisho, kwa mkono mwepesi. Usipofanya wewe, vanishi itazilowesha yenyewe na mkono wa kwanza utakwaruza kama kidevu ambacho hakijanyolewa.

Sehemu za kichwa cha ubao, pale nyuzi zinapokatwa, zinakunywa rangi kupita kiasi na kuwa nyeusi. Hizo ndizo za kupandisha namba moja zaidi. Meza ikiishia P180, kichwa kiishie P220.

Halafu hili wengi wanaliruka. Baada ya mashine, chukua msasa wa namba ileile ya mwisho, uzungushie kwenye kipande cha kizibo au mbao iliyonyooka, piga kwa mkono kufuata nyuzi. Mara chache tu kila mahali. Mikwaruzo yoyote iliyobaki ya mashine inalazwa upande mmoja na nyuzi, haionekani tena. Ni dakika chache kwa meza nzima, na mimi nikipokea kazi iliyofanyiwa hivyo naitambua kabla sijafungua kopo.

Kati ya mkono na mkono wa vanishi, P320 au P400, kasi ya chini kabisa, au kwa mkono bila mashine. Kwenye kingo usithubutu mashine, vanishi pale ni nyembamba, inatoka yote.

Mpiga Msasa

Dada, asante sana. Hicho kipande cha kupiga kwa mkono kufuata nyuzi ningetamani kila mtu akisome mara mbili.

Ubao Mkavu

Swali la kuwasha. Kijitabu cha mashine yangu kinasema usiwashe ikiwa imegusa kazi. Video nyingi wanasema iweke kwanza kwenye mbao ndipo uwashe, la sivyo inachimba. Nimfuate nani?

Mpiga Msasa

Fuata kijitabu. Sababu ya wale wa video ni mashine zisizo na breki, au zenye breki iliyoisha, ambazo pedi yake inakimbia hewani. Kama breki yako ni nzima, washa mashine ikiwa juu ya kazi kidogo, ishushe ikiwa imelala sawasawa, uso wote wa pedi uguse kwa pamoja, na iwe tayari inatembea inapogusa. Kumaliza, iinue ikiwa bado inatembea, kisha zima. Isizimike ikiwa juu ya mbao, maana inavyopungua mwendo inaacha alama pale iliposimama. Na usiiweke kwenye benchi mpaka pedi itulie.

Kama lazima uishushe kwa uoga kila mara kwa sababu inachimba, hiyo breki imekwisha. Badilisha mpira.

Kitako cha Patasi

Mimi naona mngemwambia mtu ukweli kwamba hii mashine hainyooshi. Watu wanaunganisha mbao tano za meza, viungio vina ngazi ya milimita moja, wanakaa na obitali saa nzima na msasa 60. Mwisho meza ina mabonde kama godoro. Randa ipo, skrepa ipo, mashine ya mkanda ipo. Obitali ianze pale ubao ulipokwisha nyooka.

Mpiga Msasa

Naunga mkono kwa asilimia mia. Nyongeza yangu ni kwa mbao laini kama paini, zile zenye mistari laini na migumu inayopishana. Pedi laini inazama kwenye mstari laini na kuuacha mgumu umesimama, ukipaka rangi unaona mawimbi. Huko funga pedi ngumu, tumia msasa mpya unaokata, na usikae. Pedi ya kati inafaa kazi nyingi. Laini iache kwa sehemu zilizopinda.

Kwenye kingo, usiache zaidi ya theluthi moja ya pedi ining'inie nje ya ubao. Ikizidi hapo mashine inalalia upande na ukingo unaviringika.

Mwanagenzi

Nimechora mstari kwenye pedi kama ulivyosema. Kwenye ubao mtupu unatembea vizuri. Ila nikiunganisha bomba la mashine ya kufyonza vumbi, unasimama kabisa hata nisipokandamiza!

Mpiga Msasa

Safi sana, umeligundua mwenyewe. Mfyonzo ni mkali mno, unaivuta pedi ikashikana na mbao. Punguza nguvu ya mashine ya kufyonza, au kama haina kirekebishi, fungua ile tundu ya hewa kwenye bomba. Punguza mpaka uone mstari unatembea tena, hapo ndipo pa kuacha. Hakikisha pia matundu ya msasa yamekaa juu ya matundu ya pedi. Ukipachika upogo, vumbi halina pa kutokea na mfyonzo wote unaishia kwenye kuivuta pedi.

Ipo misasa ya wavu ambayo inapitisha vumbi kila mahali na haina haja ya kulenganisha. Inakaa safi muda mrefu sana. Ila nyuma yake ni mikali, inakwangua velkro ya pedi, yaani vile vijino vinavyoshika msasa, kwa hiyo weka ile pedi nyembamba ya kukinga katikati.

Ubao Mkavu

Kwani mfuko wa mashine wenyewe hautoshi? Mimi nafanyia nje, upepo unachukua vumbi lote.

Mpiga Msasa

Mkuu, hapa nitasema kwa uzito. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Saratani inayotajwa zaidi ni ya ndani ya pua na mashimo ya uso yanayozunguka pua, na vumbi la mbao ngumu ndilo lenye ushahidi mzito. Vumbi linalokudhuru siyo lile unaloliona likidondoka. Ni lile jepesi linaloelea, na mfuko wa kitambaa unalipitisha. Upepo wa nje unasaidia, lakini pua yako iko nusu mita kutoka kwenye pedi na upepo hauchagui upande.

Mashine ya kufyonza yenye kichujio kizuri, pamoja na barakoa ya FFP2 au N95 inayobana pua vizuri. Kitambaa cha kufunga usoni hakichuji vumbi hilo. Ndevu nyingi nazo zinaachia hewa pembeni ya barakoa. Mimi naivaa hata wakati wa kufagia baada ya kazi, kwa sababu ndipo lile lililotua linapoinuka.

Rangi ya zamani usiiguse na mashine kabla ya kuipima kama ina madini ya risasi. Ikiwa nayo, vumbi lake ni sumu kwa kila anayeingia karakana, watoto zaidi.

Mfuko nao uumwage nje kila siku, usiulaze na vumbi, hasa vumbi lililochanganyika na vanishi au mafuta, kwa kuwa linaweza kujipasha moto lenyewe likawaka. Na ukiwa na vumbi la mbao ndani, usigeuke kupiga msasa chuma au kupita juu ya kichwa cha msumari. Cheche moja ikifyonzwa humo inatosha.

Jino la Msumeno

Hapo kwenye moto ongeza nguvu, wakuu. Wengi hawaamini mpaka waone.

Mimi swali langu ni mikono. Nikipiga siku nzima vidole vinakufa ganzi usiku.

Mpiga Msasa

Fundi, hiyo usiizoee. Ni mtikisiko, na ukiendelea miaka unaharibu mishipa ya damu na ya fahamu ya vidole, vinakuwa vyeupe kwenye baridi na haviponi kirahisi. Muone daktari umweleze kazi unayofanya.

Kijitabu cha mashine kinaandika mtikisiko kwa mita kwa sekunde mraba. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2002 inataka mwajiri achukue hatua mfanyakazi akifikia wastani wa 2.5 kwa siku ya saa 8, na inakataza kuvuka 5. Mashine yenye mtikisiko wa 5 inakufikisha kwenye kile kiwango cha kwanza kwa saa 2 tu za kuishika. Kwa hiyo gawanya kazi, changanya na kazi nyingine katikati, shika kwa ulegevu, na badilisha pedi iliyopinda au beringi iliyochoka, maana hizo zinaongeza mtikisiko kuliko kilichoandikwa. Msasa mkali nao unafupisha muda. Msasa uliokufa usiuonee huruma.

Pembe Nne

Plaiwudi yenye vinia juu je?

Mpiga Msasa

Vinia, yaani lile tabaka jembamba la mbao lililobandikwa juu, siku hizi ni milimita 0.6 au chini ya hapo. Imeshasuguliwa kiwandani. P180 mara moja au mbili, mkono mwepesi, na kwenye kingo piga kwa mkono. Msasa 80 usikaribie.

Pembe Nne

Na velkro ya pedi yangu haishiki tena, msasa unaruka.

Mpiga Msasa

Imeyeyuka kwa joto, angalia katikati na ukingoni utaona vile vijino vimelala vinang'aa. Inatokana na kukandamiza kwa kasi ya juu, au kuwasha mashine bila msasa. Hairekebishiki kwa gundi. Nunua pedi mpya ya mashine hiyohiyo.

Kitako cha Patasi

Za upepo vipi, za kompresa? Ni nyepesi mno.

Mpiga Msasa

Nyepesi, fupi, hazina mota ya kuungua, na ukizitia mafuta zinadumu. Ila zinakula hewa bila kupumzika. Kompresa ndogo ya kupigia misumari inaishiwa baada ya muda mfupi, pedi inapungua mwendo na unasubiri tangi lijae. Kama huna kompresa kubwa, chukua ya umeme. Za betri ni nzuri kwa kazi za kwenye jengo na za vipande vidogo. Kwa meza za siku nzima utakuwa unabadilisha betri tu.

Mwanagenzi

La mwisho kwangu: jirani anauza obitali iliyotumika. Niangalie nini kabla sijamlipa?

Mpiga Msasa

Itoe kwenye umeme kwanza. Shika pedi, itikise juu na chini na pembeni. Ikicheza kwa mgongano, beringi imekwisha. Izungushe kwa kidole: iende laini, na uhisi breki ikiishika kidogo; ikizunguka bure kama feni, mpira umeisha, hilo si la kukukimbiza ila lipunguze kwenye makubaliano. Tazama velkro. Tazama waya pale unapoingilia kwenye mashine, ndipo unapokatika.

Kisha iwashe hewani usikilize kasi zote kuanzia ya chini. Mlio wa kusaga ni beringi. Chungulia kwenye matundu ya hewa: cheche ndogo za bluu kwenye kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye mota, ni kawaida, moto wa njano unaozunguka duara lote ni kaboni zilizokwisha au mota iliyochoka. Kaboni zinabadilishwa kirahisi, mota hapana. Uliza pia kama pedi na kaboni za modeli hiyo bado zinauzwa, kabla hujatoa hata shilingi.

Ukimaliza hayo yote, beba kipande chako cha mbao na ile kalamu nene. Chora mstari kwenye pedi mbele yake, piga msasa dakika mbili.